Je, Mwenye Kuitunza Siha Yake Apunguziwe Mchango wa Matibabu?

Tumeulizwa suala ambalo tulidhani jawabu lake ni jepesi, na tulipoanza kulijibu tukaona kuwa si jepesi hata kidogo. Suala lenyewe ni hili: watu waliochangiana mfuko mmoja wa matibabu, je, ni haki mwenye kujitunza alipe kidogo, na mwenye kujidhuru kwa tumbaku na muguka na kula pasi na kiasi alipe zaidi? Au walipe wote kwa kipimo kimoja, aliyejihifadhi na aliyejiharibu?

Suala hili halikutoka mbali. Limetoka katika duara letu wenyewe. Sisi wanaduara tuna mfuko mdogo wa kusaidiana katika maradhi. Kila mmoja hutoa shilingi 300 kwa mwezi, na anayelazwa hospitali husaidiwa kwa kadiri mfuko unavyoweza. Hatukuuita bima, ingawa kwa hakika una sura ya bima. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, kijana wetu aliyesomea mambo ya hesabu alilifungua daftari mbele ya watu akasema: “Mashekhe zangu, zaidi ya nusu ya fedha zilizotoka mwaka huu zimekwenda kwa watu watatu. Mmoja ni mapafu, na mapafu yale ni ya sigara. Mmoja ni kidonda cha mguu, na kidonda kile ni cha sukari. Wa tatu ni figo, na figo zile zimeharibiwa na presha isiyotibiwa. Mimi sivuti, sitafuni, na nakwenda mbio kila alfajiri. Kwa nini nilipe sawa na wao?” Akatoa shauri kuwa mvutaji sigara na mtafunaji muguka walipe maradufu, na atakayeleta cheti cha daktari kuwa damu yake na uzani wake ni sawa, apunguziwe thuluthi.

Watu wengi waliitikia. Ndipo aliposimama ndugu yetu mmoja, hamali wa bandarini, mtu wa miaka hamsini na kitu, mvutaji ajulikanaye. Hakubishana. Alisema tu: “Shekhe, basi nifuteni jina,” akachukua viatu vyake akaondoka. Hapana aliyemfuata. Sisi wenyewe hatukumfuata, na jambo hilo latuuma mpaka hivi sasa tunapoandika.

Kabla ya kumjibu kijana yule, yatupasa tumfanyie insafu. Hoja yake si ya ubakhili. Ina asli katika akili na katika Sharia. Mafakihi wana kanuni ijulikanayo, kwamba mwenye kupata faida ya kitu ndiye achukuaye khasara yake. Mvutaji amepata ladha ya sigara yake, basi kwa nini gharama ya kikohozi chake ichukuliwe na jirani yake? Na katika bima za magari twaona kuwa dereva asiyegonga hupunguziwa ada mwaka ufuatao, wala hapana aonaye kuwa ni dhulma. Tena mfuko ni amana. Ukiisha kwa sababu ya wasiojali, siku atakapougua mtoto asiye na kosa hapatakuwa na kitu. Hayo yote ni kweli, na kuhusu tumbaku hatuna haja ya kumtetea mtu. Sisi twaiona kuwa ni madhara matupu, na tumekwisha kusema hivyo mara nyingi hata wengine wamechoka kutusikiliza.

Lakini twauliza: katika maradhi, ni lipi alilojichagulia mtu na ni lipi lililomjia?

Tuanze na nafsi zetu. Miaka mitatu iliyopita tulipimwa damu tukaambiwa kuwa tuna kisukari. Hatuvuti, hatutafuni, na msikitini twaenda kwa miguu mara tano kwa siku. Baba yetu alikuwa na sukari, na mama yake baba alikatwa vidole vya mguu kwa ajili yake. Basi waweza kusema kuwa yetu ni ya kurithi. Lakini tazama upande wa pili. Shekhe akialikwa katika arusi huwekewa sinia ya kwanza. Akialikwa katika khitma hukaribishwa halua, kaimati na chai iliyokolea sukari, na akikataa mwenye nyumba huona amedharauliwa. Kwa miaka zaidi ya ishirini hatukukataa. Tulipomwuliza daktari ni lipi lililotutia maradhi haya, nasaba au sinia, alicheka akasema kuwa ni yote mawili wala hapana mizani ya kuyatenganisha. Ikiwa daktari aliyeishika damu yetu mkononi hawezi kutenganisha, mweka hesabu atatenganishaje?

Na liko jambo jingine ambalo tuliliona usiku ule tukalinyamazia. Kijana alipotaja sukari, hapana hata mmoja aliyetutazama sisi. Alipotaja sigara, macho yote yalimwelekea yule hamali. Dhambi ya maskini huonekana kwa moshi wake, na dhambi ya mwenye heshima huletwa katika sinia iliyofunikwa kawa. Orodha ya tabia zitakazotozwa huandikwa na watu, na watu huandika tabia za wengine. Hatukusikia mtu aliyependekeza kuwa wenye kualikwa sana walipe maradufu. Wala hapana aliyemtaja mfanyabiashara akaaye dukani tangu asubuhi mpaka usiku bila ya kuinuka, ingawa madaktari wasema kuwa kukaa huko nako kwadhuru moyo. Yule hamali, pamoja na sigara zake, hubeba magunia tangu alfajiri.

Sasa tuingie katika Sharia, kwani jambo hili, ingawa jina lake ni jipya, mfano wake ni wa kale sana. Mtu akimuua mwenziwe kwa kukosea, dia haimlemei peke yake. Huchukuliwa na akila, yaani jamaa zake wa upande wa baba, wakailipa kwa muda wa miaka mitatu. Huu ni mfuko wa kuchukuliana khatari, uliokuwako kabla ya kampuni ya kwanza ya bima kuzaliwa. Basi yafaa tutazame mafakihi waliuweka kwa kipimo gani. Katika madhhabu yetu ya Shafi, tajiri katika akila hutoa nusu dinari kwa mwaka, wa wastani hutoa robo dinari, na fakiri hatoi kitu. Kipimo ni uwezo. Hatukuona katika vitabu tulivyovisoma kuwa mwenye hasira alitozwa zaidi kwa kuwa huenda akaua, wala kuwa mpole alipunguziwa kwa upole wake.

Atasema msomaji: “Lakini akila haimchukulii aliyeua kwa kukusudia.” Ni kweli, na hapo ndipo penye mafunzo. Aliyekusudia hulipa katika mali yake mwenyewe. Lakini baina ya kukusudia na kukosea mafakihi waliweka daraja ya tatu, kukusudia kwa shubha. Mtu amempiga mwenziwe kwa kusudi, kwa kitu ambacho kwa kawaida hakiui, kama fimbo ndogo, na yule akafa. Pigo amelikusudia, mauti hakuyakusudia. Je, huyu huchukuliwa na jamaa zake? Kwa Imam Shafi na kwa Abu Hanifa, ndiyo, huchukuliwa. Dia hufanywa nzito kwa umri wa ngamia, lakini mzigo hubaki juu ya akila. Na mvutaji wa sigara ni nani ila mtu aliyekusudia moshi, asikusudie saratani? Hatumjui mtu atiaye sigara mdomoni kwa nia ya kuugua. Akiwa ana hukumu yoyote, ni hukumu ya huyu wa katikati, na huyu wa katikati hakuachwa peke yake.

Wala usidhani kuwa mkosaji aliachwa hivi hivi bila ya kuwajibika. Iko kafara, nayo ni juu yake mwenyewe, haichukuliwi na mtu mwingine: kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Mzigo wa mali umewekwa mahali pengine, na lawama imewekwa mahali pengine. Jamaa hulipa, na yeye hufunga. Kijana wetu ataka kuyachanganya haya mawili, aifanye ada ya mwezi kuwa ndiyo kafara. Basi mwenye fedha atailipa kafara yake bila ya kuihisi, na asiye nazo atatolewa nje ya jamaa. Hii si adabu kwa wa kwanza, na kwa wa pili yapita kiasi.

Mwanafunzi mmoja katika duara, hodari wa fikihi, alituletea hoja ya upande wa pili, nasi tulifurahi kwa kuwa amesoma. Alisema: “Shekhe, Imam Shafi hakumpa ruhusa ya kupunguza sala mtu aliyesafiri kwa maasi. Ruhusa hazitundikwi juu ya maasi. Basi mbona sisi tumpe mvutaji tahafifu ya mfuko?” Hoja nzuri. Lakini mafakihi hao hao walipambanua baina ya mtu aliyeasi kwa safari yake na mtu aliyeasi ndani ya safari yake. Wa kwanza alitoka nyumbani ili aibe njiani. Safari yenyewe ndiyo maasi, huyo hana ruhusa mpaka atubu. Wa pili alitoka kwa biashara ya halali, kisha njiani akafanya dhambi. Huyu hupunguza sala kama wenziwe. Na Abu Hanifa aliwapa ruhusa wote wawili. Yule hamali hakuingia katika mfuko wetu ili apate kuvuta. Aliingia kwa kuwa ana mke na watoto na mwili unaochakaa kama miili yetu. Ndani ya safari hiyo ya halali anavuta. Yeye ni wa pili, si wa kwanza.

Na bima yenyewe, maulamaa wameizungumza tangu zamani. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliandika juu ya ada waliyokuwa wakiitoa wafanyabiashara ili kudhaminiwa shehena za majahazi, naye hakuikubali. Katika mwaka 1985 Baraza la Fikihi lililokutana Jeddah liliamua kuwa bima ya biashara yenye ada maalumu haifai, na kuwa badili yake ni bima ya kusaidiana, ambayo mtoaji hutoa kwa nia ya kujitolea. Ndugu msomaji, uyapime maneno haya. Katika kununua na kuuza ni haki kila mtu alipe thamani ya kile anachokichukua, na khatari yako ikiwa kubwa, bei yako iwe kubwa. Lakini ikiwa tumekubaliana kuwa tunajitolea kwa ajili ya kusaidiana, basi anachotoa mtu si bei ya maradhi yake. Ash'ari, watu wa kabila la Abu Musa, walipopungukiwa na chakula safarini au majumbani mwao Madina, walikuwa wakikusanya walicho nacho katika nguo moja kisha wakagawana sawa kwa chombo kimoja, na Mtume s.a.w. aliwasifu kwa hayo akawahesabu kuwa ni wake. Hatukusikia kuwa kwanza waliulizana ni nani aliyekula ovyo wiki iliyopita. Tusifiche, lakini, kuwa kampuni za takaful za siku hizi nazo hupima khatari katika magari na nyumba, na hatukuwaona maulamaa wao wakizikataza. Basi hatusemi kuwa kupima khatari ni haramu. Twasema kuwa mwili wa binadamu si gari.

Tena si hoja za vitabuni tu. Jambo hili limekwisha kujaribiwa na watu wengine, na matokeo yake yameandikwa.

Marekani walipitisha sheria kubwa ya bima ya afya mwaka 2010, na sehemu yake iliyo kubwa ikaanza kutumika mwaka 2014. Sheria hiyo iliwakataza wenye bima kumtoza mtu zaidi kwa sababu ya ugonjwa alio nao, lakini iliwaachia kumtoza mtumiaji wa tumbaku hadi nusu zaidi ya mwenziwe. Baadhi ya majimbo, kama California na New York, yalikataa ruhusa hiyo katika mipaka yao. Wataalamu walipochunguza, wakaandika mwaka 2016, waliona kuwa pale palipotozwa ziada hiyo wavutaji walipungua katika bima, wala hawakupungua katika kuvuta. Maana yake ni nini? Ni kuwa waliondoka, kama alivyoondoka yule ndugu yetu na viatu vyake mkononi, na sigara wakaenda nayo. Aliyekuwa na haja kubwa zaidi ya daktari ndiye aliyefungiwa mlango wa daktari.

Huko huko Marekani makampuni mengi yana mipango ya siha kazini: mfanyakazi hupimwa, hufundishwa kula na kwenda mbio, na hupewa zawadi au hupunguziwa ada. Katika Chuo Kikuu cha Illinois walifanya jaribio la haki kuanzia mwaka 2016, wakapiga kura nani aingie katika mpango na nani asiingie. Wakaona kuwa wale waliokubali kushiriki walikuwa tangu mwanzo wazima zaidi na wenye gharama ndogo za matibabu, na mpango wenyewe haukubadilisha la maana katika gharama wala katika tabia nyingi walizozipima. Mwaka 2019 ikatoka taarifa ya jaribio jingine, katika kampuni ya maduka yenye wafanyakazi wapatao 33,000. Baada ya mwaka na nusu, waliofundishwa walisema kuwa wanajinyoosha viungo na kujiangalia uzani zaidi, lakini damu zao, presha zao na gharama zao hazikutofautiana na za wengine. Basi zawadi ile iliwaendea waliokwisha kuwa wazima. Ni kama kumpa tuzo ya kuogelea mtoto wa mvuvi, kisha kumtoza faini mtoto wa bara.

Lakini ukweli husemwa wote. Liko jaribio lililoandikwa mwaka 2009, katika wafanyakazi wa kampuni ya General Electric, ambapo wavutaji waliahidiwa hadi dola 750 wakiacha. Waliopewa ahadi hiyo, asilimia 14.7 walikuwa wameacha ulipofika karibu mwaka. Na wasiopewa ni asilimia 5 tu. Jambo hili latufundisha kitu. Fedha inaweza kumsaidia mtu kuacha, ikiwa atapewa kwa ajili ya jitihada yake mwenyewe ya kuliacha jambo moja lijulikanalo. Haikutozwa kwa alivyo, wala hakulinganishwa na mwenziwe aliyezaliwa na damu njema. Na yule asiyeweza kuacha hakufukuzwa.

Afrika ya Kusini wana mfano wa kuzingatiwa. Sheria yao ya mwaka 1998 inavikataza vyama vya bima ya matibabu kumtoza mtu kwa hali ya siha yake. Katika mpango mmoja, wote hulipa sawa, au hutofautiana kwa pato na idadi ya wategemezi. Wakati huo huo kampuni ya Discovery ilianzisha tangu mwaka 1997 mpango uitwao Vitality, unaowapa wanachama zawadi kwa kujinyoosha viungo, kupimwa, na kununua vyakula vyenye kufaa. Zawadi zimewekwa nje, na ada ya matibabu haikuguswa. Hata hivyo zawadi hizo ni za mwenye kununua uanachama, na mwenye duka kubwa karibu na nyumba yake. Mtu wa kitongojini anayekula alichokipata hazimfikii.

Na katika nchi yetu? Mfuko wa taifa wa hospitali ulioundwa mwaka 1966 haukumwuliza mtu kama anavuta. Ulipoondolewa na kuwekwa Bima ya Afya ya Jamii, kwa sheria ya mwaka 2023 iliyoanza kutekelezwa 1 Oktoba 2024, kipimo kilifanywa kuwa asilimia 2.75 ya pato la mtu, na kisipungue shilingi 300 kwa mwezi. Yako mengi ya kulalamikiwa katika utekelezaji wake, na wenye kulalamika wanajua. Lakini kipimo chenyewe ni kile kile cha akila: uwezo, si tabia. Twastaajabu kuona kuwa watu walioitukana serikali kwa asilimia hiyo, wakisema yawaonea maskini, ndio hao hao walioitikia usiku ule kuwa hamali atozwe maradufu.

Liko pia jambo la upelelezi. Ikiwa ada itafuata tabia, lazima tabia ichunguzwe. Nani atachunguza? Tutamnusa mtu mdomo mlangoni mwa msikiti? Tutamwuliza mtoto kama babake huvuta usiku? Katika nchi za wenzetu watu huvishwa saa za mkononi zinazohesabu hatua zao na usingizi wao, na hesabu hiyo huenda kwa wenye bima. Sisi tumekatazwa kupelelezana, na hata kama tusingekatazwa, faida yake iko wapi? Mtu akijua kuwa kikohozi chake kitampandishia ada, atakificha. Na hapa mjini kwetu kikohozi kinachofichwa huenda kikawa ni kifua kikuu, ambacho hakimuui aliyekificha peke yake. Humfikia na yule aliyepunguziwa thuluthi, akaaye naye chumba kimoja.

Kwa hivyo rai yetu ni kuwa ada isitofautiane kwa tabia. Ikiwa lazima itofautiane, itofautiane kwa uwezo. Tulipolisema hili katika kikao cha pili, yule kijana wa hesabu alitujibu kwa adabu: “Shekhe, nimekubali kuwa haki ni ngumu kupimwa. Lakini daftari halijui fikihi. Fedha hazitoshi.” Naye amesema kweli. Wema usiokuwa na hesabu huvunja mfuko, na mfuko ukivunjika wa kwanza kuumia ni hamali yule yule. Tukapendekeza kuwa wenye maduka na majumba ya kupangisha watoe shilingi 1,000, wafanyakazi wa mshahara watoe 500, na vibarua wabaki na 300. Hapo ukimya ukaingia. Wale waliokuwa wa kwanza kuitikia habari ya kumtoza mvutaji walianza kutafuta viatu. Mwishowe walikubali wengi wao. Wawili hawajajibu mpaka leo.

Na kuhusu madhara yenyewe hatukunyamaza. Twaona kuwa anayestahili kubanwa kwanza ni mwenye kuyauza. Kanuni za nchi yetu za kudhibiti tumbaku za mwaka 2014 ziliwawekea watengenezaji na waingizaji wa tumbaku mchango wa asilimia 2 kwa mwaka wa kufidia madhara yake. Kampuni kubwa ya sigara ikaipinga mahakamani mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2019 ikashindwa. Huo ndio mlango wa haki, kwani muuzaji amekusudia faida, na hakuna nasaba wala sinia ya kumtetea. Kuhusu muguka jambo ni gumu zaidi. Mwezi wa Mei 2024 kaunti ya Mombasa na baadhi ya jirani zake ziliupiga marufuku, mahakama ikaisimamisha amri hiyo, na wakulima wa Embu wakalia kuwa ni riziki yao. Hatutalimaliza hapa. Kodi ya sigara nayo, tusijidanganye, hulipwa na hamali zaidi kuliko tajiri, kwa kadiri ya pato lake. Lakini angalau humkuta anaponunua sigara, haimkuti anapougua.

Katika mfuko wetu tumeongeza mambo mawili. Kila mwanachama apimwe damu na presha mara moja kwa mwaka kwa fedha ya mfuko, na matokeo yabaki baina yake na daktari, yasiletwe kwa mweka hesabu. Na yeyote atakayetaka kuacha tumbaku au muguka asaidiwe gharama ya dawa na ya kumwona tabibu, na akitimiza mwaka mfuko umrudishie michango yake ya miezi mitatu. Akirudi kuvuta hatadaiwa. Kijana wa hesabu ndiye aliyeiandika kanuni hii, na maneno “hatadaiwa” ni yake.

Sisi nasi tumeanza kukataa halua. Jambo hili lina taabu kuliko tulivyodhani, khasa mbele ya mama wa bibi arusi.

Tulikwenda nyumbani kwa yule hamali, sisi na yule kijana, jioni ya Jumapili. Alitukaribisha vizuri, akatuletea kahawa tungu, akatusikiliza mpaka mwisho. Hakusema kuwa atarudi wala hakusema kuwa hatarudi. Alituuliza kama ni kweli wenye majumba watatoa 1,000, akacheka. Kisha akatusindikiza mpaka barabarani, na kabla hatujafika kona tuliisikia kiberiti ikiwashwa nyuma yetu. Dukani kwenye darasa hajaonekana bado. Lakini mwezi uliopita mwanawe alikuja baada ya Magharibi na shilingi 300 mkononi, na mchango wake umeandikwa.